Mjomba wa Mchawi

Kuna wanawake waliowagundua wachumba wao kwenye ulevi, na wengine kwenye msiba. Mimi wangu nilimgundua mezani, mkono wangu ukiwa ndani ya kopo la vizibo vya chupa, tukicheza mchezo wa kujifanya watu wa hadithi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, na watoto wangu husema kicheko hicho si kizuri. Kweli si kizuri. Sijawahi kutaka kiwe kizuri.

Watu wa kisa hiki ni wanne tu, na mimi ni mmoja wao. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili kule Panda, nilikozaliwa, katika kambi ya wafanyakazi ambako baba yangu alitoka kila siku kwenda kwenye tanuri na kurudi na macho mekundu. Mchumba wangu alifundisha jiografia katika shule ya sekondari mjini Likasi. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya kusomea Injili, na mshahara wake wa serikali ulikuja siku ulipojisikia kuja. Wa tatu ni binamu yake mkubwa, ambaye alikuwa kada, yaani mmoja wa wakubwa wa kampuni. Neno hilo siku hizi halimtishi mtu, lakini miaka ile kampuni ya shaba ndiyo iliyokuwa baba na mama wa mji, na kada alikuwa na nyumba yenye bustani na veranda, gari la kampuni, na duka la kununulia unga ambalo mama yangu hakuruhusiwa hata kuchungulia. Wa nne ni mke wa huyo kada, mwanamke mnene mwenye huruma, aliyesinzia baada ya kila mlo.

Binamu alikuwa amemwahidi mchumba wangu kumwingiza kwenye kampuni, kwenye kituo kinachofundisha mafundi vijana. Ingekuwa mwezi ujao, na mwezi ujao uliendelea kuwa ujao. Harusi yetu ilisubiri kazi hiyo. Nami nilisubiri shingo upande, kwa sababu kulikuwa na jambo moja nililotaka kulijua kabla sijavaa pete ya mtu: kama mwanamume huyu anaweza kumwambia binamu yake hapana. Mara moja tu, hata kwa jambo dogo. Anayeolewa na mtu asiyeweza kukataa anaolewa pia na wale wote ambao mtu huyo hawezi kuwakatalia, na mimi sikuwa na nafasi ya kutosha kitandani.

Mchezo wenyewe uliachwa na mwalimu wa hisabati, Mbelgiji aliyekuja kwa mkataba na kurudi kwao mkataba ulipokwisha. Aliacha sanduku la karatasi ngumu lenye vitabu vyembamba vya Kifaransa na dadu za maumbo ya ajabu. Ile dadu ya pande ishirini, ambayo ndiyo inayoamua karibu kila kitu, ilikuwa imepotea. Mchumba wangu aliandika namba kwenye vizibo vya chupa za bia, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nasi tukawa tunachovya mkono na kutoa kimoja. Mkono wa kutoa hatima ulitoka ukinuka maziwa.

Kwa asiyeujua mchezo huo: kila mtu anakuwa na mhusika wake, mpiganaji au mchawi au mganga, anasema mhusika wake anafanya nini, na kizibo kinasema kama amefaulu. Mmoja hana mhusika. Huyo ndiye msimamizi; anasimulia dunia, anawaendesha madubwana, na anakata kesi. Mchumba wangu alikuwa msimamizi. Alimpelekea binamu yake mchezo ule kama wengine wanavyopeleka kuku, ili mkubwa asichoke Jumapili alasiri, ili wasiache kuonana, ili lile jambo la kazi lisisahaulike. Niliambiwa nije nami, familia ikamilike. Nilikuja, nikakaa kwenye kiti cha velveti chini ya picha ya Rais, nikapewa glasi ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kwa sababu mchumba wa mtu hanywi bia mbele ya wakubwa.

Siku ya kwanza tu ilinionyesha ninakokwenda.

"Kila muhusika anaanza niveau ya kwanza," mchumba wangu alisema, akisoma kitabuni.

Binamu aliweka chini glasi yake. "Ya kwanza? Minye? Mu kazi niko cadre, na mu jeu nikuwe manœuvre?"

Hakuwa anatania. Mtu mzima, mwenye watu chini yake kazini, alikasirika kwa sababu mchawi wa karatasi alikuwa anaanza chini kama kibarua. Nilimtazama mchumba wangu. Nilidhani atacheka, tucheke wote, yaishe.

"Tutapanga, yaya," alisema, kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa. Akafuta, akaandika ngazi ya tano.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, tutapanga. Sijui ni mambo mangapi ya nchi ile yaliharibika kwa neno hilo, lakini lile la meza yetu nililiona kwa macho yangu.

Na kitabu chenyewe hakikuwa cha kijinga. Aliyekiandika alijua watu. Mchawi mwanzoni ni kitu cha kuhurumiwa: ana uchawi mmoja, akiutumia umekwisha mpaka alale na asome tena, havai chuma, na mbuzi akimpiga kichwa anakufa. Anatembea nyuma ya mpiganaji kama mtoto nyuma ya mama yake sokoni. Mpiganaji ndiye mwenye nguvu siku hizo, anapokea mapigo ya wote, lakini haendi mbali sana. Atabaki mtu mwenye upanga. Taratibu mchawi anampita, na siku moja anaiamrisha radi. Leo unanibeba, kesho nakubeba. Nililielewa hilo bila kufundishwa, kwa sababu ndivyo nyumba yetu ya kambini ilivyokwenda: baba alileta unga wa kampuni, na unga ulipochelewa mama alileta mihogo ya shamba lake la Kapolowe. Nguvu zao hazikulingana hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kuhitajika, na wote wawili walilijua hilo, ndiyo maana kulikuwa na heshima mle ndani.

Binamu alitaka mwisho wa mchawi bila mwanzo wake. Ni hivyo tu.

Lakini siku hiyo ya kwanza alifanya pia kosa lake, na alilifanya kwa tamaa. Kitabu kilisema wahusika ni watu wasiojuana, wanaokutana kwenye baa ya wasafiri na kuamua kwenda pamoja kwenye mashimo yenye madubwana. Mke wake aliamka usingizini aliposikia hayo.

"Bantu habajuane, banaenda kufa pamoja mu shimo?" aliuliza. "Beko bazima mu kichwa, babo?"

Tulicheka, kwa sababu alisema kweli. Nani anaingia shimoni na mtu usiyejua mama yake anatoka wapi? Basi tukaanza kuulizana kama watu wanavyoulizana Likasi nzima, wewe ni wa nani, kwenu ni wapi, tukitafuta undugu wa wahusika wetu. Mpiganaji wangu nilikuwa nimemfanya mwanamume wa makamo, mwenye mvi, asiyeongea sana, nusu yake ni baba yangu. Nilisoma kwa sauti alichokuwa nacho: upanga, ngao, vazi la chuma.

Binamu aliposikia vazi la chuma alinyoosha kidole. "Ule ni mujomba yangu. Minye njo mwipwa yake."

Alitabasamu alivyosema, na wote tulijua kwa nini. Kwa watu wa mama yake, mjomba akifa mali yake haiendi kwa watoto wake. Inakwenda kwa mwipwa, mtoto wa dada. Mtu alikuwa hajacheza hata dakika na ameshapanga kunirithi. Mchumba wangu aliandika: mpiganaji, mjomba wa mchawi. Mke akawa mganga, mke wa mchawi, ili asilazimike kufikiri. Mimi nikacheka na wenzangu, nikanywa munkoyo wangu.

Kuna jambo la kuongeza hapa. Binamu alikuwa na mjomba wa kweli, mvuvi mzee kwenye kijiji kimoja kando ya ziwa Tshangalele, aliyemsomesha kwa samaki wa kukausha mpaka akawa mtu. Tangu apate gari la kampuni hakuwahi kuliendesha mpaka kule. Mzee alikuwa anaumwa miguu. Mara kwa mara mke alimwambia mbele yetu, "Oncle anakuuliza weye," na yeye akajibu, "Mwezi ujao." Alikuwa na mwezi mmoja tu katika kalenda yake yote.

Basi tukacheza Jumapili baada ya Jumapili. Kwanza mchawi alichoka kulala: kwa nini alale ndipo apate uchawi mwingine, kwani yeye ni mtoto? Tutapanga, yaya. Mchawi akaacha kulala. Kisha alitaka pete ya kumkinga na silaha, akaikuta chini ya jiwe la kwanza aliloligeuza. Kisha akataka fimbo, na hapo alishusha sauti, akatupa jicho ukutani, kwa sababu nchi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kushika fimbo na picha yake ilikuwa inatutazama. Alipewa fimbo. Mchumba wangu alikuwa anatoa vitu kama mtu anayetupia kuku mtama, na yule kuku alikuwa anazidi kunenepa.

Anayedhani zawadi za namna ile hazimdhuru mtu mwingine hajawahi kukaa upande wangu wa meza. Mchawi alipokuwa hawezi kuguswa, msimamizi alilazimika kuleta madubwana makubwa zaidi, la sivyo hakuna hadithi. Na dubwana la kumtosha mchawi lilinipiga mimi kofi moja nikabaki nusu mfu. Nilichovya kopo, nikatoa namba nzuri, nikalikata dubwana kwa upanga, na dubwana halikujikuna hata. Halafu binamu akanyoosha kidole, dubwana likawa majivu, akaegemea kiti na kusema, "Voilà," kama aliyetoka kujenga daraja. Mganga alimponya mumewe hata alipokuwa hana jeraha. Mimi nilijifunga kitambaa.

Tukirudi kwa miguu alasiri moja, chini ya ile mijakaranda ya barabara ya makada, nilimwambia mchumba wangu kwamba mchezo umekufa.

"Ni mchezo tu, chérie," alisema.

"Kama ni mchezo tu, basi umukatalie mu mchezo. Mara moya. Haiko mu mambo ya kweli, mu mchezo tu."

Alitembea kidogo. "Ngoja kwanza nipate ile kazi."

"Na ukisha kuipata?"

Akasema tutapanga. Nilimtangulia mpaka Panda. Nilikuwa na aibu, na aibu hiyo haikuwa ya kwangu. Nilikuwa nimebebeshwa tu.

Jumapili ya mwisho mchumba wangu alikuwa ametunga hadithi ya shimo la zamani la shaba, lililoachwa, na ndani yake joka linalokula mawe. Ilikuwa hadithi nzuri, lazima niseme. Alikuwa na kipaji. Alieleza lile giza, maji yanayodondoka, harufu ya moto uliolala, mpaka mke wa binamu akasahau kusinzia. Joka lilitoka. Njia ilikuwa nyembamba, mtu mmoja tu angeweza kusimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliyehitajika nilikuwa mimi. Mpiganaji wangu alijipachika pale njiani. Nilichovya kopo, nikatoa, joka likazuiwa. Nikachovya tena, likazuiwa. Moyo ulikuwa unanidunda, nikiwa mwalimu mzima, kwa ajili ya vizibo vya bia. Niliona mchumba wangu naye anafurahi. Macho yake yalikuwa kwangu. Dakika zile nilimpenda kweli.

Binamu hakuwa na la kufanya. Njia imezibwa na mtu wa mvi. Alikunywa bia, akatazama karatasi yake, akanitazama mimi. Kisha akasema anatupa moto wake ndani ya njia, wote.

"Yaya, mujomba yako eko mu njia," mchumba wangu alisema.

"Ninajua." Akanyanyua bega. "Joka itakufa. Na ile nguo ya chuma itabaki kwangu."

"Ule moto utayeyusha nguo."

"Basi tupange isiyeyuke."

Kitabu kilikuwa kinanipa haki moja. Mtu akirushiwa moto anaruhusiwa kuchovya kopo kuona kama amejiokoa. Mpiganaji wa makamo, mzoefu, alikuwa na nafasi nzuri. Kila mtu mezani alilijua hilo. Tulishafanya hivyo kwa mchawi mara nyingi, hata kwa mbuzi wa kumbebea mizigo. Nikaingiza mkono. Nilikuwa nimeshashika kizibo.

Binamu alimtazama mchumba wangu, kwa upole kabisa. "Lundi ninaonana na chef ya kituo," alisema. "Juu yako."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Mchumba wangu alisoma kitabu chake, ukurasa usiohusika kabisa. Niliuona, ulikuwa ukurasa wa bei za farasi.

"Haina haja ya kuchovya," aliniambia. "Ule moto ni mukubwa sana. Tosha mukono mu kopo."

Niliondoa mkono. Kizibo kilibaki ndani. Nataka nieleweke: sikulilia mtu wa karatasi. Nilikuwa nimeomba hapana moja, hata ya mchezo, na badala yake nilipewa hapana hiyo mimi.

"Muhusika wako anakufa," alisema. "Unaweza kusema neno ya mwisho."

Aliongeza hilo kama zawadi, maskini, ili nami nipate kitu. Hakufikiri. Wala mimi sikufikiri. Nilifungua mdomo na maneno yakatoka kama nilivyowahi kuyasikia kwenye nyumba za watu, kwa sauti ile ya chini.

"Mwipwa yangu," nilisema, nikimtazama binamu. "Weye mutoto ya dada yangu. Ninakufa na kisirani mu roho, na kisirani ni juu yako. Sikufungulie njia. Nimemaliza."

Mke wa binamu alijifunika mdomo. "Yesu," alisema ndani ya kiganja. Kila mtu pale alijua maana yake. Mjomba anaweza kukurithisha mali yote, lakini akifa na kinyongo na akakisema, kila utakachogusa kitaoza: kazi, watoto, mwili wako. Mwipwa anarithi kwa ruhusa ya mdomo huo.

Binamu alicheka. Kisha akaacha, akaniita shemeji kwa Kifaransa. "Belle-sœur, ile mambo hatuchezake nayo."

"Haiko minye, yaya. Ni mujomba yako njo anasema."

"Mu kitabu iko nini juu ya ile?" alimuuliza mchumba wangu, na sauti ilikuwa imembadilika. Mchumba wangu akapekua. Akapekua tena. Kitabu kilikuwa na kinga ya sumu, ya mishale, ya mizimu ya Kizungu yenye minyororo. Juu ya mjomba hakikuwa na kitu. Mtu aliyekuwa na pete, fimbo, ngazi asizozipanda na moto wa kuchoma mlima alikuwa anatoka jasho chini ya feni, kwa maneno ya mwalimu wa darasa la pili. Nikaona mchezo umelingana, hatimaye, na aliyeulinganisha ni yeye mwenyewe, siku ile aliponyoosha kidole kwenye vazi la chuma.

"Tunafuta, yaya," mchumba wangu alisema. "Ile haikutokea." Alishika kifutio kabisa.

"Neno ya mujomba haifutwake na gomme!" Binamu alipiga meza, vizibo vikaruka kwenye kopo. Mke wake alianza kulia, akasema, mzee wa Tshangalele anaumwa, na sisi tuko hapa tunaita vitu. Binamu alimwambia anyamaze. Alitaka laana iondolewe, na iondolewe vizuri, kama mjomba anavyofanya: achukue maji mdomoni, ampulizie mwipwa kifuani, na moyo wake uwe mweupe.

Niligeuka kwa mchumba wangu. Nilimpa nafasi; hilo hakuna atakayeniambia sikufanya. Angeweza kusema, yaya, ni mchezo. Angeweza kusema, yaya, tumemwonea, achovye kopo lake kwanza. Hata angeweza kucheka. Nilisubiri muda mrefu kuliko alivyostahili.

Alisukuma kiti nyuma na kupiga magoti. Nilidhani ananipigia mimi, na kwa kweli nilianza kulainika. Lakini alikuwa amemwelekea binamu yake. Suruali yake ya Jumapili ilikuwa kwenye sakafu, na ile sauti ya Injili ikasema:

"Yaya, umusamehe. Ni mwanamuke, hajue mambo." Kisha, bila kuinuka, akanigeukia. "Fanya, chérie. Juu ya kazi yetu."

Kazi yetu. Nilitamani kumwinua kwa kola. Nilimdharau mpaka nikahisi ladha yake mdomoni, na kwa kuwa mdomo ulikuwa tayari, nikachukua glasi yangu ya munkoyo. Munkoyo ni mzito, wa kijivu, na ule ulikuwa wa siku mbili, wenye punje chini. Nilijaza mashavu. Binamu alikuwa amesimama na kufunua mikono, macho amefumba, ndani ya abakosti yake mpya ya rangi ya krimu, ile suti isiyo na tai ya kuvaa kwa wakuu. Nikampulizia. Sikumpulizia kidogo, kama wazee wanavyofanya. Nilipuliza kwa kifua chote, kuanzia kola mpaka vifungo vya chini, na kilichobaki nikampa usoni.

Alipiga makofi matatu ya adabu, kama mwipwa anavyomshukuru mkubwa wake. Punje ya mahindi ilikuwa kwenye nyusi yake. "Aksanti, mujomba," alisema, na alimaanisha kila neno. Mchumba wangu, ambaye bado alikuwa chini na kwa hiyo alikuwa karibu, alitoa leso na kuanza kumfuta.

Baadaye nilisikia kwamba Jumamosi iliyofuata gari la kampuni lilionekana kando ya Tshangalele, na gunia la unga, na sukari, na blanketi. Hilo ndilo jambo jema pekee lililotoka kwenye sanduku lile, na sijalikataa. Nilisikia pia kwamba kazi ilipatikana. Sijui alimalizia akiwa kada wa ngazi gani. Sikuuliza, na walioanza kuniambia niliwabadilishia mazungumzo.

Lakini alasiri ile nilisema kwaheri kwa mke wa binamu, nikamshika mkono, nikatoka. Mchumba wangu alinikuta getini. Alikuwa bado na leso, imelowa, inanuka munkoyo. Kwenye magoti alikuwa na vumbi jekundu la viatu vyetu wenyewe, tulilotoka nalo Panda.

"Sitaolewa na weye," nilimwambia.

Alisimama. Nilimwona anafikiri, paji la uso lilikunjamana kama lilivyokunjamana aliposahihisha mitihani. Nikadhani sasa atasema kitu. Kwamba ananipenda, au kwamba mimi ni mwenda wazimu. Chochote kingekuwa cha mwanamume. Alitazama nyuma, kwenye veranda, kisha akanisogelea na kushusha sauti.

"Lakini ile laana," alisema, "umeitosha yote kwake?"

Nilimwangalia kwa mara ya mwisho, kwa utulivu, kuanzia magoti kwenda juu.

"Nusu," nilisema, nikashika njia ya Panda.